Uzito Uko Nyuma

Jumapili, yadi ya makontena Miritini imelala.
Kreni zimeinua shingo, hazina la kushusha.
Tumepanga mataili ya lori, tumeyapaka chokaa:
kona sita, na mstari mmoja mnyoofu
unaoishia ukutani palipoandikwa PUNGUZA MWENDO.

Gari ni kijani cha pilipili hoho,
la miaka ya sitini, milango miwili,
mgongo umebinuka kama wa kasa.
Fungua boneti: huoni kitu ila gurudumu la akiba
na mfuko wa saruji, kilo hamsini,
alioufunga Chivatsi kwa kamba ya katani.
"Injini mmeiuza?" aliuliza mlinzi wa geti.
Iko nyuma, baba, nyuma hata ya ekseli,
inakoroma kama kinu cha kusaga mahindi.

"Umeuona mkokoteni pale Kongowea," akasema Chivatsi,
"hamali akipakia viazi vyote nyuma?
Mipini humwinua, miguu ikapapasa hewa.
Basi usukani wako ndio mipini hiyo."

Nikacheka.
Mzunguko wa kwanza sikucheka.
Usukani mwepesi kama gazeti la kufungia mahamri,
unaninong'onezea kila kijiwe, kila ufa wa lami,
lakini nikiuambia pinda, pua inasitasita,
inataka kwenda Mazeras.

Mzunguko wa tatu nikaingia kona ya nne kwa pupa.
Moyo ukaruka, mguu ukaruka nao,
nikaachia mafuta.
Aa! Nyuma ikanipita.
Nikaona kreni, ukuta, kreni, Chivatsi, kreni,
nikasimama nikitazama nilikotoka,
vumbi la klinka limenijaa mdomoni.

Nimelelewa kwa "mwenda pole hajikwai."
Mama, Bi Mwanasiti, alinisomea hata nikishuka ngazi.
Chivatsi akaja na chupa ya maji, pole hakunipa.
"Woga wako wafaa," akasema, "ila uutumie mapema.
Ogopa ungali kwenye mstari, kanyaga breki huko, umalize.
Ukishapinda, woga umechelewa."

Mzunguko wa saba.
Breki mapema. Pua ikainama,
matairi ya mbele yakapata la kuuma.
Gia ya pili. Usukani kidogo tu,
kama kumgeuza mtoto aliyelala.
Nikangoja. Kungoja kule ndiko kugumu,
mguu unawasha, kona haiishi,
na maandishi ya ukutani yananijia makubwa makubwa.
Kisha mafuta, tone, na tone jingine,
na ule uzito wote uliotaka kunitangulia
ukakaa kitako.
Gari likaishika ardhi kama mwenye hati,
likanitoa konani
kwa kiganja kipana mgongoni.

Mzunguko wa nane nikazunguka tena.
Chivatsi akaokota chupa ya maji,
akaanza kutembea.