Waipa

Wiki ya kwanza Hamamatsu, kila nikitaka kukata kona
waipa zinaamka, zinasugua kioo kikavu,
jua kali, hakuna hata wingu la kusingiziwa.
Indiketa imehamia upande wa pili wa usukani
na mkono wangu, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu,
hauna habari.

Leseni yangu ya Londrina niliilaza mezani.
Bwana Hirabayashi aliipokea kwa mikono miwili kama kichanga,
akaisoma mbele, akaisoma nyuma,
kisha akaniangusha mara nne.
Ya kwanza, sikuinama kuchungulia chini ya gari.
Ya pili, bega: nilitazama kioo, sikugeuza shingo.
Ya tatu nilifika mpaka mwisho, nikashusha pumzi,
nikafungua mlango bila kuangalia nyuma.
Ya nne sikuambiwa. Aliinamisha kichwa,
nami nikainamisha changu,
majogoo wawili na punje moja.

Neusa alicheka hadi machozi.

Kwetu honi ni mdomo. Huku niliipiga mara moja tu,
kumsalimu Adilson mlangoni pa duka la mikate,
mtaa mzima ukageuka kana kwamba nimevua suruali.
Hapa watu hushukuruana kwa taa:
ukipishwa, washa za dharura, zipepese mara mbili, zima.
Basi. Hakuna aliyeinua sauti.

Lakini reli!
Kwenye reli unasimama hata kizuizi kikiwa juu,
hata kengele ikiwa imelala.
Unateremsha kioo. Unasikiliza.
Mtihani wa tano nilisikiliza kwa dhati:
nyenje, godoro likikung'utwa ghorofani,
tumbo la Bwana Hirabayashi likidai chakula cha mchana.
Nikavuka. Nikafaulu.

Machi, mama alipofariki, nilirudi Londrina
nikaazima gari la shemeji kwenda makaburini.
Njiani kuna reli kuukuu, nyasi zimeimeza,
treni ya mwisho hata mama hakuikumbuka vizuri.
Nikasimama. Nikateremsha kioo.
Nyuma yangu honi sita, saba,
na dereva mmoja akamtukana mama yangu
kwa jina la kazi asiyowahi kuifanya.
Nilisikiliza mpaka akamaliza.
Kisha nikanyoosha mkono kuwasha indiketa, nimpishe,
na waipa zikaamka,
jua kali, kioo kikavu.

Safari hii nikaziacha zifute.