Mbuzi Kwenye Gunia

Miaka thelathini na mmoja, Toronto,
ghorofa ya nne, juu ya reli za tramu,
Profesa Kowalchuk alifundisha hisa
kwa chaki, mikono ya sweta imejaa vumbi.

Waraka wa kampuni aliusoma kuanzia nyuma.
"Mbele wameweka picha," alisema. "Ukweli
umelala huku, kwenye herufi za sisimizi."
Kisha swali lile lile, kila Jumanne:
"Nani hakuambiwa?"

Siku moja nikamjibu kwa msemo wa kwetu,
wa mbuzi anayeuzwa ndani ya gunia.
Alicheka hadi miwani ikamdondoka.
Tangu hapo hakuna aliyefaulu mtihani wake
bila kulifungua gunia.

Tume ya masoko ilimwita. Mabenki yalimwita.
Kwa mabenki alichelewa makusudi.

Leo tunamfungia maboksi. Theluji dirishani.
Chini kabisa ya droo, hati ya hisa mia mbili:
mgodi wa dhahabu, kaskazini, jina la baba yake,
muhuri mwekundu ungali unang'aa.

"Na mgodi wenyewe?"

"Palikuwa na ziwa," akasema,
akiikunja. "Samaki wazuri sana."