Mbegu Tatu, Wakati Mwingine Nne

Nilitoka bondeni, kwenye mpunga wa Vercelli,
ambako ardhi ni kioo na mbu ndio wenye nyumba.
Evasio alinipandisha kilimani kwa pikipiki ya kukopa,
sanduku mapajani, viatu mkononi,
nikashuka mbele ya mama yake
na tope la kwetu bado kisiginoni.

Desolina hakuniuliza jina.
Alinimiminia mvinyo.

Nikautazama: wekundu uliopauka,
maji ya kusuuzia nguo iliyochuja.
Nikacheka moyoni: huu ndio mnaojivunia?
Nikaupiga mkupuo mmoja, kwa dharau ya ujana.
Lo!
Ulimi ukaganda. Fizi zikajikunja.
Ukakasi ukanishika mashavu kwa ndani
kama mtu aliyekukamata ukosi wa shati
akakwambia: hebu rudia ulichosema.

"Grignolino," akasema mama mkwe,
akafuta meza palipokuwa safi.

Jina, kwa lugha yao ya kilimani, latokana na mbegu.
Tunda dogo, ganda jembamba kama ukope,
na ndani mbegu tatu, wakati mwingine nne,
zimebanana kama abiria wa treni ya msimu wa palizi.
Rangi haba, mbegu tele.
Sura ya mpole, kauli ya shubiri.

Septemba nilipewa mkasi na ndoo.
Kichala kimoja, na humo humo
tunda la samawati, la waridi, na bichi kabisa,
ndugu wa tumbo moja wasiosemezana.
Nitajuaje kama zimeiva?
"Meza nyama, bakiza mbegu. Tafuna."
Nikatafuna. Chungu!
Kwinini ile ile tuliyogawiwa utotoni, foleni, kijiko kimoja.
"Bado."
Siku tano. "Bado."
Siku ya tisa mbegu ilikuwa kahawia,
ikavunjika menoni kama karanga iliyokaangwa.
Nikafungua kinywa nimwambie.
Alikwisha kuanza kukata.

Chini ya jiko kuna chumba kisicho na dirisha,
wazee wao walikichonga kwenye mwamba kwa sululu
theluji ilipowafungia ndani.
Ukutani mna makombe ya baharini.
Bahari! Na hapa ni mwendo wa siku nzima kuifikia.
Hakuna aliyeshangaa ila mimi.
Huko ndiko aliponifundisha kukamua:
"Polepole. Ukiiponda mbegu
itakutolea yote iliyonayo, nawe hutayapenda."
Hadi leo sijui
alisema zabibu au alimsema mwanawe.
Nami Evasio sikumkaba kwa maswali,
na jioni nyingine, bila kuulizwa, alizungumza.

Miaka ikaenda. Shemeji Defendente akaja na karatasi:
ing'olewe mizabibu, ipandwe miti ya kokwa,
kiwanda cha chokoleti kinalipa taslimu.
"Hii ni jeuri, haizai kwa mpango,
na wanunuzi siku hizi wanataka mvinyo mweusi kama wino."
Hesabu zake zilikuwa sahihi. Nilizirudia mara mbili, usiku.

Desolina alikuwa kitandani, kiharusi kimemwachia nusu ya mdomo.
Nilimletea kichala, nikamtilia tunda moja
upande ule uliobaki hai.
Alitafuna muda mrefu. Saa ya ukutani ikagonga, akawa bado anatafuna.
Kisha akanitemea kiganjani:
mbegu nne, moja imepasuka.
Akasema neno.
Defendente aliapa kwamba alisema "basi."
Mimi nilisikia "bado."

Hatukung'oa mwaka ule.
Mwaka wa pili yake tuling'oa safu mbili za chini,
za kivulini,
ambazo, kusema kweli, hazikuwahi kuiva.