Namba ya Mwisho

Saa mbili usiku, ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga.
Chini yetu maduka ya spea yamefungwa,
harufu ya grisi imepanda ngazi bila kuitwa.
Kwamboka anapiga simu kutoka zahanati ya Kayole:
"Mashine yenu inadai bei ya mwaka jana.
Mama wa watu ana mtoto mgongoni, nimwambie nini?"

Nami bei nilirekebisha wiki tatu zilizopita.
Nilirekebisha, nikasukuma, nikaenda kula githeri.

Nafungua ghala kubwa la msimbo; ndani yake ghala dogo la malipo,
na ndani ya hilo dogo, jingine la risiti,
kama sufuria za harusi, moja tumboni mwa nyingine.
Kubwa halijui yaliyomo katika dogo.
Limeandika namba tu, herufi na tarakimu arobaini,
alama ya siku lilipolitazama mara ya mwisho.
Dogo likue, liote matawi, lihame,
kubwa litaapa kwa namba ile ile.

Msimbo mpya upo. Hakuna aliyemwambia mzazi.

Naanza chini. Risiti kwanza: navuta, napima, nasukuma.
Kisha malipo.
Kisha ghala kubwa, namba mpya juu ya ile ya kale.
Ukipindua mpango, ukamtuma mzazi mbele,
wenzako asubuhi wataelekezwa kwenye nyumba
ambayo bado haijajengwa.
Odera alifanya hivyo mwezi wa pili. Mpaka leo
akikaribia kusukuma tunamuuliza, "Mtoto ameshafika?"

Saa tatu na robo Kwamboka anaandika: "imekubali"
bila nukta, bila asante.

Nafunga mashine, na Jumapili ya Jericho inarudi:
mama akikoroga vijiko vitatu vya sukari katika chai yangu,
kikombe cha bluu, cha darasa la saba.
Nilikunywa.
Mwaka wa nne huu tangu daktari anikataze,
sijamwambia. Sijamwambia pia
kwamba Naliaka alihamisha vitu vyake mwezi wa Mei,
naye bado humtaja kwa jina akiombea chakula.

Si yeye aliyesahau kuvuta.
Mimi ndiye sikusukuma.

Simu inalia mara mbili tu. "Umekula?"
"Mama, kuna mambo yamebadilika."
Kimya. Kisha kiti kinaburutwa juu ya sementi,
na redio inapunguzwa sauti.
"Haya," anasema. "Anza na lile dogo."