Mguu wa Tano Unakwenda Wapi

Athuni, karani wa ushirika, ameiacha mezani
imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mwenye homa.
"Haiwaki tangu juzi. Mnada ni Ijumaa.
Humo mna kilo za watu, Chilumba." Akaondoka.

Nikaifungua. Moshi wa maganda ya korosho
umeingia hadi kwenye feni. Mende mmoja, mkavu.
Skrubu moja imepotea,
tundu lake limezibwa kwa bigijii.

Mita inasema umeme unafika mlangoni, hauingii.
Unakwama hapa, penye chipu hii,
pana kama punje mbili za ufuta,
miguu minane, mgongo umeungua
na jina limeungua pamoja nao.

Nimepaka chaki, nikafuta kwa kidole.
Nimedondosha spiriti, nikalaza tochi ubavuni,
maana maandishi ya namna hii
huwezi kuyasoma kwa kuyatazama usoni.
Ikajitokeza K. Kisha saba, au moja,
au mkwaruzo wa fundi aliyenitangulia.

Ramani ya ubao huu sina.
Nikampigia Hashiru, Kariakoo.
"Nitajie namba," akasema.
Ningekuwa na namba, Hashiru, ningekupigia ya nini?
"Bila namba, ndugu yangu, hakuna kitu."

Maneno hayo nayajua.
Niliyasikia dirishani, kule wilayani,
mama kavaa viatu vyake vya Idi
kwa mara ya tatu, anaomba kitambulisho.
Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, mwaka wa kukimbia,
au huku, siku ileile waliyovuka.
Aliyekuwa na uhakika ni bibi,
na bibi hayupo.
Kijana wa dirishani hakuwa mbaya.
Alikuwa na fomu yenye visanduku,
na mama haenei kwenye visanduku.

Rudi mezani, Chilumba.

Basi, uso wake niuache. Niulize majirani.
Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu: wameshikana,
wote wanatoka kwenye chaja.
Wa nne uko peke yake, unangoja amri.
Wa tano unakwenda wapi?
Unazama, unapita tabaka kwa tabaka,
nami naufuata kwa ncha ya mita
kama anayefuata siafu gizani,
nageuza ubao, natafuta, napoteza, narudia,
hadi ukaibukia penye koili nyeusi.
Mita ikalia: piii.
Kidogo tu nilie nayo.

Anapokea huku, anatoa kule,
na hafungui mpaka wa nne aambiwe.
Bawabu huyu.
Jina lake silijui. Kazi yake naijua.

Chini ya meza, kwenye ndoo ya rangi,
naweka mbao zilizokufa.
Upo wa marehemu mwalimu Likwata wa Ndanda,
familia yake iliniuzia kwa elfu nane.
Pale kati ya chaja na koili
kasimama bawabu, mzima, mgongo unang'aa.
Namba yake haianzi hata na K.

Bloa. Risasi. Pumzi nimeibana.
Nikang'oa, nikapandikiza,
na umeme wa Masasi, usiojua adabu, ukakatika.
Nikakaa na tochi ya simu mpaka saa tatu usiku.

Uliporudi, kataa kadogo ka bluu.
Kisha kioo, kisha majina: majina, kilo, majina, kilo,
na katikati yao mstari mmoja,
Athuni kauandika alivyoweza:
*Mjane wa Mtandi, jirani na kinu. Magunia mawili.*

Nami kwenye daftari langu nimeandika:
*Bawabu. Miguu minane. Jirani wa koili nyeusi.
Katoka kwa mwalimu. Anafanya kazi.*

Jumatatu nafunga duka.
Naenda wilayani na mama na majirani wanne.
Mmoja atabeba kiti, foleni ni ndefu.