Kilo Sita

Shokapu ya zamani ilikuwa ya upepo.
Ilinibeba miaka saba, na mwishoni
ikawa inapumua kama mzee anayepanda ngazi,
fss nikikaa, fss nikisimama,
mafuta yakichuruzika kidogo kidogo
hadi kwenye mnyororo.

Nikaenda kuagiza ya springi.
Gethin wa duka la baiskeli, Blaenau Ffestiniog,
penseli sikioni, grisi hadi kwenye nyusi,
akauliza bila kuinua kichwa:
Uzito?

Nje mvua ilikuwa inachapa vifusi vya mawe ya vigae,
vilima vizima ambavyo babu zetu waliving'oa tumboni mwa mlima,
wakaezeka miji ya watu,
wakatuachia makombo.

Nikasema: Sitini na nane.
Akaandika.

Sikumwambia kwamba sitini na nane ilikuwa Machi ya mwaka juzi,
kabla Mama hajalazwa chumba cha chini,
kabla ya miezi ya kukaa kando yake
nikimalizia sahani alizozisukuma:
mkate wa zabibu uliolowekwa chai,
siagi juu, kipande kwa kipande,
kwa kuwa aliniangalia, na mtu akikuangalia hutupi.
Nani humwambia fundi mambo hayo?

Ikaja katika boksi dogo, nzito kuliko umbo lake.
Springi ya rangi ya chungwa, ubavuni imeandikwa 450.
Niliifunga mwenyewe jikoni, Ifor akishika fremu
na kunung'unika kwamba pesa ile ingeziba paa la banda.
Bolti ya juu. Bolti ya chini.
Bushi mpya mbili, nyembamba kama pete za ndoa.
Nikakaza mpaka spana ikalia tik.
Ilipendeza. Ilipendeza kupita kiasi,
jino la dhahabu kinywani mwa punda.

Jumapili, juu ya machimbo.
Mizizi niliimeza, kokoto nilizimeza,
nikajiona binti wa miaka ishirini.
Kisha lile jiwe ambalo vijana huliita Jeneza.
Nikaruka,
na kule chini: ngo!
Chuma kwa chuma.
Mgongo uliijua sauti hiyo kabla ya sikio.
Kwenye kona, ngo. Kwenye daraja la mbao, ngo,
kama mgeni anayebisha hodi
na mwenye nyumba amejibana nyuma ya mlango.

Jumatatu, mkoba wa barua ungali begani,
nikarudi kwa Gethin.
Akanikalisha juu ya baiskeli, nimeegemea kaunta,
akapima kwa rula ya shule.
Ishirini na moja, akasema. Tulitaka kumi na nane.
Hakusema umedanganya.
Alikunjua kiganja, akakibonyeza hewani:
springi sharti ikubali kubonyea kidogo kabla hujaondoka,
gurudumu lipate pa kushukia likikuta shimo.
Ikigoma, itakurusha.
Ikilegea, itagonga.
Inataka tu kujua imembeba nani.

Mficha uchi hazai.
Sabini na nne, nikasema.
Akangoja.
Na viatu, sabini na tano.
Na chupa ya maji, akasema yeye, akaandika tena
pale pale, juu ya namba ya kwanza.

Akavuta droo, akachakura,
akatoa springi ya kijivu, imekwaruzwa, 500,
hailingani na chochote nilicho nacho.
Niachie ile nzuri, akasema. Tubadilishane.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na mvua, ajabu ya mwaka.
Nilifika kwenye Jeneza, nikaacha breki.
Nikatua.
Nikangoja ile ngo
na badala yake nikasikia maji yakitiririka chini ya mawe,
na kondoo mmoja, mbali, analalamikia jambo lake.

Getini nikafungua mkoba.
Mkate wa zabibu, vipande viwili, siagi imeyeyukia kwenye karatasi.
Kimoja kilikuwa cha Ifor.
Nikala vyote.