Wiki Isiyouzwa

Nyumba nambari saba B, Kileleshwa, ina wenyewe hamsini na mmoja.
Kila mmoja kanunua wiki yake, ana hati, ana muhuri,
na kila mmoja akifika husema "kwangu"
huku akipapasa swichi ya taa kwenye ukuta usio na swichi.
Mimi sina wiki. Nina ufunguo.

Jumamosi asubuhi hutoka wa wiki ya kumi na tisa,
alasiri huingia wa ishirini.
Baina yao napewa saa nne
za kuifuta familia nzima, isijulikane iliwahi kupumua humu.

Unywele kwenye koo la sinki.
Tende iliyokanyagwa. Kucha kwenye kapeti.
Hina ya bibi harusi kwenye foronya
(hiyo usiitie jiki; itie ndimu, na subira).
Mara moja, jino la mtoto chini ya mto,
limeviringishwa kwa tishu kama pesa ya siri.
Nikalitia kwenye bahasha, nikaandika: wiki ya thelathini na mbili.
Hakuna aliyeuliza.
Bado liko kwenye kabati la mashuka.

Bi. Kathambi hukagua kwa kidole.
Hukipitisha juu ya fremu ya mlango
kisha hukitazama kama anayesoma barua ya deni.
Karatasi yake ina alama arobaini:
bomba lisidondoke, glasi isikumbuke mdomo,
kona ya shuka ikunjwe kama bahasha.
Sijawahi kupata chini ya thelathini na tisa.
Ile moja huikata, asema, kwa kuwa lazima pawe na kitu.

Sasa, wiki ya hamsini na mbili haiuzwi.
Hiyo ni ya rangi na mabomba na dawa ya mende.
Mwaka huu fundi Mutiso alimaliza Jumatano,
akaondoka na ngazi yake,
akaniacha na madirisha wazi, harufu ya rangi,
nyundo za ghorofa mpya ng'ambo ya barabara,
na kitanda nilichokitandika mara mia nne na nane.

Sitasema nilichoka. Nilitaka kujua.
Nikavua viatu, nikatandaza taulo chini ya visigino,
nikalala chali.

Na pale juu, nyuma ya ufito wa pazia,
mahali asipoona aliyesimama
hata awe mrefu kama Mutiso,
palikuwa na utando wa buibui,
mnene, wa kijivu, wa miaka,
umeshika mabawa ya nondo
na uzi mmoja wa pambo la Krismasi, sijui ya nani.
Mutiso alikuwa ameuzungushia rangi, kwa adabu.

Miaka minane!
Wenye wiki wote wamelala chini yake, macho juu,
wakaamka wakaandika: safi sana, tutarudi.
Na kidole cha Kathambi hakijawahi kulala.
Nilicheka hadi ndoo ikaitikia.

Jumatatu akaja Kwamboka, mgeni wa kazi,
viganja vyake bado havijachubuliwa na dawa.
Nikamwambia: kabla ya ndoo, kabla ya ile karatasi,
vua viatu, lala.
Akaniangalia kama anayeangalia mtego.
Lala, nikasema. Usimame baadaye.

Jioni nilishuka Kangemi kwa miguu.
Kwangu maji huja Alhamisi, yakipenda.
Nikaosha mboga, na yale ya mboga nikapigia deki,
na yaliyobaki nikamwagia mlangoni kutuliza vumbi.
Kule wiki hununuliwa.
Huku tunaisukuma, jina lenyewe limo sufuriani.

Kisha nikazima taa ya meko, nikalala chali
mwanga wa jirani ukipenya kwenye matundu ya misumari.
Mabati. Boriti. Kwenye boriti, utando,
na mwenyewe yumo, anashona.

Nikamwachia hadi Jumapili.